Gitaa Kavu Linalolia Kama Debe: Mwongozo Kamili wa Kulirudishia Sauti Yake

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Mwalimu, kodi nazijua, wimbo naujua, mbona nikipiga haumgusi mtu?" (Kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja.) Nimejibu kwa ufupi mara kadhaa, na watu walewale wamerudi na tatizo lilelile. Wamebadilisha plektra, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi. Wamenunua kifaa cha mwangwi. Mmoja aliuza gitaa akanunua jingine la aina ileile, likalia vilevile.

Kwa hiyo leo naandika kila kitu hatua kwa hatua, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, linapoletwa kwangu hapa Kirumba, Mwanza.

Gitaa ambalo nyuzi zake zimekaa juu mno halikunyimi sauti nzuri tu, linakunyima uwezo wa kupiga kwa upole. Mkono wa kushoto unatumia nguvu zote kubana, wa kulia nao unaanza kuchapa ili kulingana nao, na wimbo wa kubembeleza unatoka kama amri. Ndiyo maana kazi inaanza kwenye chombo, kisha vidole, na vipaza sauti mwisho kabisa. Ukianzia mwisho utapoteza pesa.

## Vitu vya kuandaa

- Seti moja mpya ya nyuzi, ya aina inayofaa gitaa lako (soma hatua ya 1 kabla ya kununua)
- Rula ya chuma yenye alama za nusu milimita
- Alenki, ile spana ndogo yenye umbo la L, kwa magitaa yenye chuma ndani ya shingo. Mara nyingi ni ya milimita 4 au 5
- Msasa wa namba 240 na wa 400, na kipande cha kioo kilichonyooka
- Penseli ya kawaida
- Plaizi ndogo ya kukatia nyuzi
- Kitambaa cha pamba kikavu
- Faili la kucha
- Simu yenye programu ya kutuni

Kama una nafasi, tafuta pia kipande cha mfupa wa mguu wa ng'ombe. Usukumani kitu hicho hakikosekani buchani, na matumizi yake utayaona kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Jua gitaa lako ni la nyuzi gani

Hapa ndipo magitaa mengi yanapouawa. Yapo ya nyuzi za nailoni na yapo ya nyuzi za chuma, na hayabadilishani.

Gitaa la nailoni lina shingo pana, kama milimita 52 pale juu karibu na kichwa, na nyuzi zake hufungwa fundo kwenye daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya tumbo la gitaa. La chuma lina shingo nyembamba, milimita 43 hivi, na nyuzi hushikwa kwa vipini vidogo vinavyochomekwa darajani.

Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa uzito unaozidi kilo 70. Ya nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi.

Onyo: ukifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili "lilie kwa nguvu," tumbo la gitaa litavimba, shingo itapinda, na siku moja daraja litang'oka. Nimeletewa magitaa ya namna hiyo yakiwa yamebebwa kwenye mfuko wa salfeti. Mengi hayakurudi.

Kuna swali la huku kwetu: je, mshipi wa kuvulia unafaa? Kwa nyuzi tatu nyembamba za gitaa la nailoni, ndiyo, ukikwama. Uzi wa kwanza una unene wa milimita 0.7 hivi, wa pili 0.8, wa tatu 1.0. Chagua mshipi wa uzi mmoja ulio laini, usio na mikunjo, wenye vipimo hivyo. Nyuzi tatu nene haziwezi kuwa mshipi, kwa sababu lazima ziwe zimezungushiwa chuma ili zipate uzito. Bila uzito huo, uzi wa besi utalegea na kutikisika bila kuimba. Waya za breki za baiskeli ziache kwenye baiskeli.

## Hatua ya 2: Gonga na utazame

Legeza nyuzi kidogo. Gonga ubao wa juu kwa kifundo cha kidole, taratibu, ukianzia karibu na daraja kwenda pembeni. Unatafuta mlio unaovuma kama wa ngoma. Ukisikia mtatariko, kuna mhimili wa ndani uliobanduka. Mpelekee fundi seremala anayejua gundi ya mbao, maana hakuna hatua ya mbele itakayouponya.

Sasa tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikiendelea kutoka juu hadi kwenye ukingo bila kukatika, ubao ni mzima. Ukiona tabaka zilizobanwa pamoja, ni plaiwudi.

Ubao mzima hutikisika kwa urahisi zaidi, unajibu mguso mdogo, na sauti yake huendelea kukua kadiri unavyoongeza nguvu. Plaiwudi inafika mapema mahali ambapo ukizidisha nguvu unapata kelele tu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya ubora, kuliko jina lililoandikwa kichwani. Lakini plaiwudi lililopangwa vizuri linalishinda kwa mbali gitaa la ubao mzima lililotelekezwa, na hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu magitaa mengi ninayoyashika mjini hapa ni ya plaiwudi.

Utajua umefaulu: umekijua chombo chako, na hakuna kinachotatarika.

## Hatua ya 3: Funga nyuzi mpya

Nyuzi zilizochakaa ndizo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayopokea. Jasho na uchafu hujaza mikunjo ya nyuzi za besi, uzito unakuwa si sawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa uzi, na sauti za juu zinazoipa noti uhai zinakufa kwanza. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo hatuna kutu kali kama wenzetu wa Tanga au Dar es Salaam. Adui wetu ni jasho na unyevu.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja shingo inapoteza mvuto ghafla, na itachukua muda kutulia tena.

Kabla ya kufunga kila uzi, sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji wake kwenye nati, kile kipande cheupe kilicho karibu na kichwa. Unga wa penseli unafanya uzi uteleze. Ule mlio wa "tik" unaousikia wakati wa kutuni ni uzi ulionasa pale.

Zungusha uzi mara mbili au tatu kwenye kipini cha ufunguo kule kichwani, usizidishe. Kisha uvute taratibu kwa vidole katikati, utuni tena, uvute tena. Fanya hivyo mara nne au tano. Nailoni itahitaji siku mbili tatu kabla ya kutulia, na hilo ni jambo la kawaida.

Unapotuni, ufikie mlio ukitokea chini kwenda juu. Ukipitiliza, legeza hadi chini kisha upande tena, la sivyo meno ya ufunguo yataachia ukiwa katikati ya wimbo. Uzi wa tano usome hezi 110, programu ikiwa imewekwa kwenye kipimo cha kawaida cha A ya 440.

Utajua umefaulu: unapiga dakika 10 na gitaa bado liko kwenye tuni.

## Hatua ya 4: Pima shingo, halafu kimo cha nyuzi

Fuata mpangilio huu bila kuruka: shingo, nati, kisha daraja. Anayeanza na daraja hulishusha bure, kumbe shingo ndiyo iliyopinda.

Shingo. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na huhesabiwa kuanzia upande wa kichwa. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, na wakati huohuo ubane pale shingo inapoungana na mwili. Tazama freti ya sita au ya saba. Inatakiwa nafasi ndogo sana kati ya uzi na freti, kama karatasi mbili au tatu za daftari. Nafasi ikiwa kubwa, kaza chuma cha shingo kwa alenki kuelekea mkono wa saa. Uzi ukigusa kabisa, legeza.

Onyo: geuza robo mzunguko tu, tuni, subiri, pima tena. Ikikataa kuzunguka usilazimishe. Magitaa mengi ya nailoni hayana chuma hicho, kwa hiyo usikitafute kwa bisibisi.

Nati. Bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu. Juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi nyembamba kama unywele. Ikiwa kubwa mno, kodi ya F itakutesa maisha yako yote. Kuchimba mfereji wa nati mpelekee fundi, kwa sababu ukizidisha hakuna kurudi nyuma.

Kimo. Weka rula juu ya freti ya 12, pima hadi chini ya uzi. Kwa nyuzi za chuma, lenga milimita 2.5 uzi wa kwanza na karibu 3 uzi wa sita. Kwa nailoni, lenga 3 na 4. Nailoni hupewa nafasi zaidi kwa kuwa inatikisika kwa upana.

Kama unapiga kwa nguvu kwenye kwaya, bakiza nusu milimita ya ziada. Kimo cha chini kupita kiasi kinafanya uzi ugonge freti, na hapo tena huwezi kupandisha sauti bila mkwaruzo. Wengi wanaoshusha kwa pupa huishia hapo.

## Hatua ya 5: Shusha daraja, na ukiweza weka mfupa

Juu ya daraja kuna kipande chembamba kinachobeba nyuzi. Kwenye magitaa ya bei nafuu huwa ni plastiki, wakati mwingine yenye uwazi ndani. Kila mtikisiko wa uzi hupita hapo kabla ya kufika kwenye ubao. Plastiki laini inameza sehemu yake, na inameza zaidi sauti nyembamba za juu. Mfupa ni mgumu, unapitisha.

Hesabu ni hii: ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, punguza milimita 2 kwenye kipande. Chora mstari kwa penseli, laza msasa wa 240 juu ya kioo, usugue upande wa chini wa kipande, ukimalizia na wa 400. Usiguse upande wa juu wenye mviringo. Chini pawe pamenyooka kabisa, kwa sababu mahali pasipogusa daraja, uzi uliopo hapo unanyamaza. Kibaki kipande kisichopungua milimita 2 juu ya daraja, la sivyo nyuzi hazitakikandamiza vya kutosha.

Kwa mfupa: uchemshe na sabuni hadi mafuta yatoke, uanike kivulini siku kadhaa, ukate kwa msumeno wa chuma, usugue hadi uingie kwenye mfereji bila kulegea wala kulazimishwa. Unene wake ufanane na wa kipande cha zamani. Vaa barakoa. Vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu.

Kijana mmoja wa Igoma aliniletea gitaa lenye kimo cha milimita 4, plaiwudi tupu. Tukaweka mfupa, tukashusha hadi 3. Alianza wimbo wake wa kwaya kwa kuchapa kama alivyozoea, akasimama katikati ya ubeti. "Mwalimu, linanisikia." Akaanza upya kwa vidole, chini kwa chini, na mama aliyekuwa anauza dagaa nje ya mlango wangu akaacha kupima akasikiliza. Gitaa ni lilelile, kodi ni zilezile.

## Hatua ya 6: Jaribio la freti ya 12

Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, upige, uachie: utatoka mlio mwembamba kama filimbi. Sasa ubane hapohapo na upige. Milio miwili ilingane kwenye programu ya kutuni.

Wa kubana ukiwa juu kidogo, kwanza angalia kama uzi ni mpya, pili kama kimo bado kiko juu, tatu kama unabana kwa nguvu kupita kiasi. Mara nyingi tatizo linaishia kwenye hayo matatu. Tofauti kubwa ikibaki, daraja lilipandikizwa mahali pasipo pake, na hilo ni la fundi.

## Hatua ya 7: Mkono wa kulia

Sasa chombo kiko tayari, na hapa ndipo penye utamu. Nakuomba usiipite hatua hii kwa haraka.

Uzi mmoja ukiupiga unatoa mlio wa msingi pamoja na milio mingine myembamba juu yake. Mahali unapougusa ndipo panapoamua ipi isikike zaidi. Karibu na daraja, ile myembamba inapata nguvu na sauti inakuwa kali, yenye ncha. Juu ya tundu inakaa katikati. Kuelekea shingoni inakuwa nene, ya duara.

Fanya zoezi hili siku saba, dakika 10 kila siku:

1. Chagua noti moja. Ipige karibu na daraja, juu ya tundu, na pale shingo inapoanzia, nguvu ikiwa ileile.
2. Rudia ukitumia nyama ya kidole peke yake.
3. Rudia kwa ukucha uliopitishwa faili kufuata mviringo wa ncha ya kidole. Ukucha wenye pembe hukwaruza.
4. Rudia kwa plektra nyembamba, kisha nene.
5. Chukua mstari mmoja wa wimbo unaoupenda, uimbe kwa mdomo kwanza. Pale unapoitikia kwa huzuni, sogeza mkono shingoni. Pale unapoita, usogeze darajani.

Namba 5 ndiyo watu wengi hawaifanyi, na ndiyo niliyoandikia mwongozo huu wote. Msikilize mwimbaji mzuri wa kwetu, hashiki nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Wapiga nyatiti, kinubi cha Waluo wa kandokando ya ziwa, upande wa Mara na Kenya, wana nyuzi 8 tu, na kwa kudona kwa vidole wanazifanya ziongee. Gitaa la benga, muziki wa dansi wa Waluo, lilijifunza kwao. Daniel Owino Misiani, aliyetokea Shirati mkoani Mara na kuongoza bendi ya Shirati Jazz, alijenga muziki wake juu ya udonaji huo. Sauti yake ya gitaa ni safi, kila noti inasikika peke yake hata mwendo ukiwa mkali.

Utajua umefaulu: mtu aliyekupa mgongo anaweza kusema umegusa wapi, na wewe unaweza kupiga noti moja ikawa na sura tatu.

## Hatua ya 8: Mkono wa kushoto

Bana nyuma tu ya freti, si katikati ya nafasi wala juu ya chuma. Kisha punguza nguvu kidogo kidogo hadi noti ianze kukwaruza, halafu ongeza kidogo. Hiyo ndiyo nguvu yako. Zaidi ya hapo unapandisha tuni na kuchosha kidole.

Kuitikisa noti: kwenye nailoni tikisa kidole kufuata urefu wa uzi, kwenye chuma usukume uzi pembeni kidogo kisha urudishe.

## Hatua ya 9: Ndipo sasa uje kwenye maiki

Jirekodi kwa simu kabla ya kitu kingine chochote. Iweke sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye gitaa, ikitazama pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, kwani hewa ya ndani huvuma hapo na besi itafunika kila kitu.

Kwenye kwaya au ukumbini, ukitumia waya wa kuchomeka kwenye gitaa, anza na besi, kati na treblo (sauti nyembamba) zote zikiwa katikati, mwangwi ukiwa sifuri. Kipokea sauti kilicho chini ya daraja kawaida hutoa mlio mkavu wa plastiki, kwa hiyo punguza treblo kidogo kwanza. Mwangwi uongeze mwisho, kwa kiasi ambacho ukiuzima mtu atahisi tofauti lakini ukiuwasha hatauona. Hapa Mwanza tunaharibu kazi nzuri sana kwa mwangwi, nasema hili kwa uchungu.

## Kulitunza kando ya ziwa

Mbao hunywa unyevu. Kiasi kinachofaa gitaa ni asilimia 45 hadi 55 ya unyevu hewani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ubao mzima hunenepa, tumbo linapanda na nyuzi zinapanda nalo. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hurudi chini. Kwa hiyo rudia vipimo vya hatua ya 4 kila msimu unapogeuka. Wapiga ngoma wa Usukumani wanalijua jambo hili kabla yetu: ngozi ikilegea kwa unyevu wanaipasha moto kidogo kabla ya mchezo. Gitaa usilifanyie hivyo, gundi yake italainika.

Kwa sababu hiyohiyo usilitundike karibu na mabati mchana, wala usiliache kwenye gari lililofungwa. Usiliegemeze kwenye ukuta wa tofali, hasa kwenye nyumba zetu za mlimani ambako mawe hutoa maji usiku. Liweke kwenye mfuko wake pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vinapochoka.

Ukivuka kwenda Ukerewe au Sengerema kwa chombo cha maji, lifunge kwanza kwa karatasi kubwa ya nailoni juu ya mfuko wake, na ukifika ulifungue mara moja ili lisijitolee jasho humo ndani. Liache lipumzike nusu saa kabla ya kutuni.

Baada ya kila kupiga, pitisha kitambaa kikavu kwenye nyuzi, juu na chini yake. Anayepiga kila siku abadilishe nyuzi za chuma baada ya miezi miwili au mitatu. Anayepiga Jumapili tu, mara mbili kwa mwaka inatosha.